Pochi imepotea ukiwa ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu njia za kupata pesa na kulipa

Maswali haya yametoka kwa watu niliosafiri nao kufuata mzigo Dubai, Guangzhou na Istanbul, na kwa wengine walionipigia usiku wakiwa Chennai na mgonjwa au Makka kwenye umra. Yanajirudia kiasi kwamba nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Mifano mingi ni ya Mtanzania aliye nje ya nchi, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyaishi. Mkenya au Mganda atakuta mengi yanamhusu, na pale mambo yanapotofautiana nimesema.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu majibu mengi yanalirudia. Pochi ikipotea, kinachokuokoa ni laini yako ya simu ya nyumbani, na mtu mmoja huko nyumbani anayejua la kufanya. Ukibaki na hivyo viwili pamoja na pasipoti, hujakwama.

## Saa ya kwanza

1. Nimegundua sasa hivi kwamba pochi haipo. Nianze na nini?

Funga kadi kwanza, utafute baadaye. Wengi hufanya kinyume: wanarudi dukani, wanarudi hotelini, wanapekua begi mara tatu, na saa mbili zimeshapita. Kufunga kadi kwa programu ya benki kwenye simu ni kazi ya dakika moja.

Mimi yalinikuta Deira, mtaa wa Dubai. Nilikuwa nimemaliza sahani ya biriani, nikatia mkono mfuko wa nyuma ili nilipe, mkono ukakutana na kitambaa kitupu. Nikamwachia mwenye mgahawa saa yangu ya mkononi kama rehani, nikatoka mbio kurudi stesheni ya metro ya Baniyas Square nilikoshukia. Nilizunguka pale kama dakika arobaini, nikiangalia hadi kwenye mapipa ya taka. Nilipokuja kufungua simu, kadi ilikuwa imeshatumika mara mbili kwa kugusishwa tu kwenye mashine, viasi vidogo vidogo visivyodai namba ya siri. Kama ningeifunga pale pale mezani, pesa hiyo ingekuwa yangu hadi leo.

Ukishafunga, kaa chini uhesabu kilichobaki. Pasipoti ipo? Simu ina chaji? Laini ya nyumbani inashika mtandao? Kuna noti yoyote kwenye begi? Majibu hayo manne ndiyo yatakayokuelekeza uende swali gani hapa chini.

2. Sina uhakika kama imeibiwa au nimeisahau hotelini. Bado nifunge?

Funga. Programu nyingi za benki zina sehemu ya kufunga kadi kwa muda, na ukiikuta chini ya mto unaifungua mwenyewe. Usichanganye hilo na kuripoti kadi imeibiwa, maana kadi ikisharipotiwa hivyo hairudi tena. Anza na la muda. Ukirudi hotelini usiione, piga simu benki waifute kabisa.

3. Benki yangu ina namba ya bure ya 0800, lakini haipatikani kutoka huku. Nifanyeje?

Namba za 0800 na zile fupi za tarakimu tatu zimetengenezwa kwa ajili ya watu walio ndani ya nchi. Ukiwa nje unahitaji namba kamili inayoanza na +255, au +254 kwa Kenya. Mara nyingi imeandikwa nyuma ya kadi, ambayo ndiyo hiyo imepotea. Namba kamili ipo pia kwenye tovuti ya benki, kwa hiyo tafuta intaneti ya hotelini au ya mgahawa.

Kama programu ya benki iko kwenye simu yako na inafunguka (SimBanking, NMB Mkononi na nyinginezo), huenda usihitaji kupiga kabisa. La sivyo mpigie mtu wako wa nyumbani kwa WhatsApp. Yeye ataipigia benki na kuwaeleza. Wanaweza kumkatalia mambo mengine kwa kuwa siyo mwenye akaunti, lakini atapata angalau kukuunganisha na mtu wa kuongea naye.

4. Lazima niende polisi?

Kama kilichopotea ni noti chache tu, hapana. Kama ni kadi, kitambulisho au pasipoti, nenda siku hiyo hiyo. Ripoti ya polisi itaombwa na ubalozi, na benki ukianza kudai fedha zilizoibwa, na bima kama unayo. Bima nyingi zinataka uwe umeripoti ndani ya saa 24.

Dubai namba ya dharura ni 999, na kwa jambo lisilo la dharura kama hili ni 901. China ni 110. Uturuki na India ni 112. Nenda na mtu anayejua lugha ya pale kama unaweza kumpata, hasa China. Muuzaji wako au mkalimani uliyezunguka naye sokoni anafaa sana.

Ukihisi umeiacha kwenye teksi, usikate tamaa mapema. Risiti ya teksi ina namba ya gari, na Dubai mamlaka ya usafiri ya RTA ina huduma ya vitu vilivyosahauliwa. Ndiyo maana nawaambia watu waombe risiti hata kwa safari ya dakika tano, na waiweke mfuko mwingine mbali na pochi.

## Usiku wa kwanza

5. Sina hata senti mfukoni. Nitalala wapi na nitakula nini?

Anzia mapokezi ya hoteli ulipofikia. Wana nakala ya pasipoti yako na wanakufahamu kwa jina. Waambie ukweli mapema, kabla ya muda wa kulipa kufika. Mara nyingi watakubali kusubiri siku moja, au watakutumia kiungo cha malipo ambacho ndugu yako aliyeko nyumbani, au popote pengine, anaweza kulipia kwa kadi yake. Hoteli nyingine zina fomu ya kuidhinisha kadi ya mtu mwingine. Mlipaji anaijaza, anaisaini na kuirudisha kwa barua pepe.

Chakula ni kitu kidogo ambacho Mswahili mwenzako hatakunyima. Ukiwa Deira, au Xiaobei kule Guangzhou, huhitaji kutembea mbali kumkuta mtu anayezungumza Kiswahili. Omba chakula bila aibu. Pesa ni suala lingine. Soma swali la 7 kwanza.

6. Ubalozi utanipa pesa?

Usiutegemee kwa hilo. Kazi ya ubalozi ni kukutambua kwamba wewe ni raia, kukupa hati ya dharura ya safari pasipoti ikipotea, kuwasiliana na familia yako, na kukusaidia ukiwa mikononi mwa polisi au hospitalini. Hata hivyo wapigie, kwa sababu maofisa wa pale wanajua njia za kupokea pesa katika mji ule na wanawafahamu viongozi wa jumuiya ya Watanzania. Kwa wanaosafiri kibiashara, ofisi zilizo karibu ni ubalozi mdogo wa Dubai na ule wa Guangzhou, mbali na balozi zenyewe za Abu Dhabi na Beijing. Ukiwa Uturuki, ubalozi uko Ankara, siyo Istanbul.

7. Nimekutana na Mtanzania. Anasema atanipa dirhamu taslimu, na mke wangu amrushie shilingi kwa M-Pesa huko nyumbani. Ni salama?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndiyo njia inayookoa watu wengi zaidi. Inachukua dakika tano na haihitaji duka wala benki. Lakini pia ndiyo njia wanayoliziwa watu, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kwanza, awe mtu anayejulikana na mtu unayemjua: ajenti wa kago anayesafirisha mizigo yenu, jamaa wa mtaani, mwenyeji aliyewapokea mara ya kwanza. Aliyekufuata yeye mwenyewe stesheni baada ya kukuona umechanganyikiwa, mshukuru na uendelee na safari yako.

Pili, kubalianeni kiwango cha kubadilisha kabla ya chochote, na kiandikeni kwenye ujumbe. Dirhamu imefungwa kwa dola, dola moja ni dirhamu 3.6725, kwa hiyo ukijua bei ya dola ya siku hiyo kwa shilingi unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Akikuzidishia kidogo kwa usumbufu wake, ni haki yake. Akikuzidishia sana, tafuta mwingine.

Tatu, mtumaji aangalie jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Likiwa la mtu msiyemfahamu, asitume mpaka mwenyeji aeleze ni nani. Mara nyingi huwa ni mke au mama yake, na hilo halina tatizo, ila liulizwe.

Nne, dirhamu ziwe mkononi mwako, zimehesabiwa, wakati mke wako anabonyeza namba ya siri. Wewe na mwenyeji mkae meza moja, mke wako yuko kwenye simu ya video. Asitume saa moja kabla, na wewe usichukue kwanza kwa ahadi ya kulipa kesho.

Tano, iwe kiasi cha chakula, malazi na nauli. Usipitishe hapo pesa ya mzigo. Kiasi kidogo ni kukopa na kurudisha baina ya ndugu. Kikiwa kikubwa kinakuwa biashara ya kuhamisha fedha bila kibali, na nchi nyingi, Falme za Kiarabu zikiwemo, zinaliadhibu hilo vikali. Tena hujui pesa taslimu unayokabidhiwa imetoka wapi.

8. Nimeshalipa adivansi kiwandani Guangzhou. Ninaweza kuomba wanirudishie kidogo?

Omba. Wengi hawalifikirii hili, na wenye viwanda niliofanya nao kazi wamelikubali zaidi ya mara moja. Anakupa yuan taslimu, anaandika kwenye ankara kwamba adivansi imepungua kwa kiasi hicho, na wewe unakamilisha ukishatumiwa. Hakikisha karatasi imerekebishwa na kugongwa muhuri siku hiyo hiyo.

## Kutumiwa pesa kutoka nyumbani

9. Western Union na MoneyGram zinafanyaje kazi nikiwa mimi ndiye mpokeaji?

Mtu wako anakwenda kwenye tawi la benki au wakala anayetoa huduma hiyo, anatoa kitambulisho, anajaza jina lako na nchi uliyopo, analipa pamoja na ada. Anapewa namba ya muamala. Ya Western Union ina tarakimu 10. Anakutumia namba hiyo, wewe unakwenda kwenye duka la kubadilisha fedha au benki yenye huduma ile ile, na pasipoti halisi mkononi. Dubai utapata Western Union kwenye maduka makubwa ya fedha, na Uturuki ofisi za posta za PTT zinatoa.

Tatizo namba moja ni jina. Mtumaji anaandika jina analokuitia mtaani au anaacha jina la katikati, na karani hatoi. Mpigie picha ukurasa wa pasipoti, umtumie, na mwambie anakili herufi kwa herufi. Nimemsindikiza mwenzangu kwenye dirisha moja mara tatu kwa siku moja kwa sababu ya herufi "h" iliyokuwa kwenye pasipoti na haikuwa kwenye fomu. Mtumaji ndiye anayeweza kurekebisha, na ofisi ya kwao ilikuwa imeshafungwa.

Kenya mambo ni mepesi zaidi: tangu 2018 mwenye M-Pesa ya Safaricom anaweza kutuma kwenda Western Union kutoka kwenye simu yake bila kwenda popote.

10. Pesa itafika baada ya muda gani?

Ikishatumwa, huonekana ndani ya dakika chache. Kinachochelewesha ni saa na siku. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Ukiamka saa nne asubuhi ukataka pesa, nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri, na benki ikifunguliwa saa mbili na nusu kwako ni saa saba na nusu mchana. Dubai tofauti ni saa moja, India saa mbili na nusu, Uturuki hakuna tofauti.

Pochi ikipotea Jumamosi jioni, hesabu kwamba pesa ya benki ni ya Jumatatu. Ndiyo sababu noti za akiba (swali la 19) ziwe za kukutosha siku mbili.

11. Pasipoti nayo ilikuwa kwenye pochi. Nitapokeaje pesa?

Kwa jina lako, itakuwa vigumu. Pesa itumwe kwa jina la mtu unayesafiri naye, au mwenyeji unayemwamini kwa masharti ya swali la 7, au ilipwe moja kwa moja hotelini na kwenye shirika la ndege.

Wakati huo huo anza safari ya hati ya dharura: ripoti ya polisi, picha ndogo, na nakala ya pasipoti au namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania), kisha ubalozini. China kuna hatua ya ziada ambayo huwashtua watu. Viza yako ilikuwa ndani ya pasipoti iliyopotea, kwa hiyo ukishapata hati lazima uende pia ofisi ya polisi inayosimamia kuingia na kutoka nchini, wakupe kibali cha kuondoka. Hilo huchukua siku kadhaa. Sogeza tiketi mapema.

12. Nina dada Uingereza. Atume yeye au mume wangu aliye Dar?

Dada. Yeye anatuma akiwa kitandani kwa programu ya simu, usiku au Jumapili, na mume wako atamrudishia wakielewana. Andika namba yake kwenye karatasi ya swali la 21.

13. Nimesikia Visa na Mastercard wanatoa pesa na kadi ya dharura. Ni kweli?

Ni kweli. Mitandao yote miwili ina kituo cha huduma kinachopokea simu saa 24, nacho kinaweza kukupangia pesa taslimu kwenye ofisi iliyo karibu au kukutumia kadi ya muda. Ila hawafanyi bila ruhusa ya benki yako, na siyo kila aina ya kadi ina haki hiyo. Kwa kadi za kawaida za benki zetu nimeona wakihangaika sana kupata ridhaa hiyo. Uliza benki yako kabla ya kusafiri kama kadi yako inaihusu huduma hiyo na ada yake ni kiasi gani.

## Kulipa kwa simu

14. M-Pesa yangu ya Tanzania itanisaidia nje?

Inategemea nje wapi. Ukiwa Kenya, ndiyo. Tangu 2015 M-Pesa ya Vodacom Tanzania inatuma kwenda M-Pesa ya Safaricom, kwa hiyo ukimpata mtu wa kuaminika mwenye laini ya Safaricom, unamtumia na anakutolea kwa wakala. Dubai, China au Uturuki hakuna wakala wa kukutolea.

Kilichopo ni kadi ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya M-Pesa yenyewe. Kenya inaitwa GlobalPay, ya Visa, iliyoanza 2022. Ina namba kama kadi yoyote, lakini hakuna plastiki, kwa hiyo hakuna cha kuibiwa. Inalipia hoteli mtandaoni, tiketi ya ndege, kiungo cha malipo. Huwezi kuiingiza kwenye ATM. Nyumbani wanakuwekea salio kwa kukutumia M-Pesa kama kawaida, na ndani ya dakika una uwezo wa kulipa. Itengeneze na uijaribu kabla hujapanda ndege.

15. China kila mtu analipa kwa kuskani. Kadi ikipotea nitalipaje?

Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia Wachina, zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje. Machi 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000, na cha mwaka kutoka dola 10,000 hadi 50,000. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya kadi ya nje. Yakizidi hapo ni asilimia 3. Kwa hiyo pochi inaweza kupotea na ukaendelea kula, kupanda metro na kulipa hoteli kwa simu tu.

Mtego uko hapa: ukiifunga kadi iliyoibiwa, na ndiyo hiyo hiyo uliyoiunganisha kwenye Alipay, basi na Alipay imekufa. Unganisha kadi mbili za benki mbili tofauti, na ya pili usitembee nayo kabisa. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, kwa sababu benki itakutumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi (swali la 16).

Pesa taslimu za yuan bado zinakubalika kisheria. Muuzaji anaweza kukosa chenji, siyo kuzikataa.

16. Kwa nini unasisitiza laini ya nyumbani kuliko kadi?

Kwa sababu kila mlango mwingine unafunguliwa nayo. Namba ya uthibitisho ya benki inakuja kwenye laini ile. M-Pesa iko kwenye laini ile. WhatsApp ikitoka, inarudishwa kwa laini ile. Na ikipotea ukiwa nje, huwezi kuipata tena mpaka urudi, maana Tanzania usajili ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kurudisha laini kunataka ufike dukani wewe mwenyewe na kidole chako. Kadi benki wanaweza kukutumia nyingine. Kidole chako hakitumwi.

Kwa hiyo usiitoe laini ya nyumbani ukaiweka kwenye pochi ili kupisha laini ya Dubai. Nimeona watu wanne wakipoteza laini kwa namna hiyo. Simu yenye sehemu mbili za laini ndiyo ya safari.

17. Lakini rominga ni ghali.

Data ndiyo ghali, na kupiga. Zima data ya laini ya nyumbani, tumia intaneti ya laini ya kule au ya hotelini, na laini ya nyumbani iache ipokee ujumbe mfupi tu. Rominga iwashwe kabla ya kuondoka.

18. Simu na pochi vimeondoka pamoja.

Hii ndiyo hali ngumu kuliko zote, na hapa karatasi ya swali la 21 ndiyo inayofanya kazi. Azima simu mapokezi, piga namba ya nyumbani iliyo kwenye karatasi au kichwani. Mwambie mtu wako afanye mambo mawili kwa mpangilio huu: aipigie kampuni ya simu wafunge laini na M-Pesa, kisha benki wafunge kadi. Laini itangulie, kwa sababu mwenye simu yako anaweza kubadilisha namba za siri za M-Pesa na za benki.

Baada ya hapo tegemea Western Union kwa pasipoti, au mwenyeji. Usihangaike kununua simu mpya na kujaribu kurudisha programu zako usiku ule. Bila laini hazitafunguka.

## Kabla ya kuondoka

19. Nigawe vipi pesa?

Pochi ibebe pesa ya siku moja na kadi moja, basi. Akiba kubwa na pasipoti vikae kwenye mkanda wa ndani ya nguo au kwenye sefu ya chumba. Kisha kuwe na noti za akiba mahali pa tatu: dola 100 mbili na 20 kadhaa, zilizokunjwa ndani ya soksi au chini ya kitambaa cha begi. Zisiguswe hata kwa mzigo wa bei nzuri namna gani. Noti ziwe mpya, za kichwa kikubwa, zisizochanika.

Ukiwa Dubai, weka kadi ya nol (ya kulipia metro na basi) yenye salio mfuko tofauti na pochi. Itakufikisha hotelini.

20. Nina kadi mbili za benki moja. Inatosha?

Haitoshi kama zote zinavuta akaunti moja, maana tatizo la akaunti linaziua zote mbili. Fungua akaunti ndogo benki nyingine. Na iombe kila benki iruhusu kadi kutumika nje ya nchi. Nyingine zinakuja zimezimwa.

21. Niandike nini kwenye karatasi ya dharura?

Namba kamili za benki na kampuni ya simu zenye +255, namba tatu za watu wa nyumbani, anwani ya hoteli kwa lugha ya kule, namba ya pasipoti, namba ya NIDA. Usiandike namba ya siri wala namba nzima ya kadi. Nakala moja kwenye kiatu au begi, nyingine abaki nayo mtu wako. Na huyo mtu wako mkae naye nusu saa kabla ya safari, aone kwa macho yake fomu ya Western Union ikoje na ni tawi gani atakwenda.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nipo India na mgonjwa. Pesa ya hospitali ilikuwa kwenye pochi.

Nenda dawati la wagonjwa wa kimataifa, hospitali nyingi kubwa zinazopokea wagonjwa wetu zinalo. Omba maelezo ya akaunti ya hospitali na namba ya mgonjwa, uwatumie ndugu wahamishe kutoka benki kwenda hospitali moja kwa moja. Itachukua siku kadhaa, kwa hiyo watumie mapema karatasi ya benki inayoonyesha kwamba uhamisho umefanyika, ipelekwe dawatini. Usikubali mtu wa kati akuambie pesa ipitie kwake.

23. Niko umra, nimeibiwa kwenye msongamano.

Mwambie kiongozi wa kundi leo, siyo mkifika nyumbani. Yeye ana mahali pa kukopa na anajua familia yako. Mkanda wa ihramu wenye mfuko ni wa simu na pesa kidogo. Pasipoti iache hotelini.

24. Mimi Mganda niko Nairobi kwa kitambulisho tu, nacho kimepotea.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tangu 2014, na hapo ndipo tatizo: hati yako pekee ilikuwa kwenye pochi. Ripoti polisi upewe namba ya OB (ya kitabu chao cha matukio), kisha ubalozi wa Uganda. Kwa pesa, nyumbani watume kutoka kwenye MTN MoMo kwenda M-Pesa ya mwenyeji wako.

25. ATM imemeza kadi.

Usiondoke na usikubali msaada wa mtu aliyesimama nyuma yako. Funga kadi ukiwa hapo hapo, kisha ingia ndani ya benki kama iko wazi. Benki ya kigeni mara nyingi haikurudishii kadi, kwa hiyo ihesabu kama imepotea.

26. Mwizi ameshatoa pesa. Benki itanirudishia?

Kwa malipo ya kugusisha au ya mtandaoni, una nafasi nzuri ukiripoti mapema na ukawa na ripoti ya polisi. Kama pesa ilitolewa ATM kwa namba ya siri sahihi, benki itasema uliifichua wewe, na kubishana nao ni kazi ya miezi. Kila malipo uliyoyakana yaandikie saa, mahali na kiasi, ujaze fomu ya benki ukiwa bado kule.

27. Pochi imepatikana baada ya siku mbili, kadi zimo. Nianze kuzitumia?

Iliyofungwa kwa muda, ifungue baada ya kuangalia orodha ya miamala. Lakini ikiwa pochi ilipita mikononi mwa mtu usiyemjua, namba zote za kadi zinaweza kuwa zimepigwa picha; iache imefungwa na uombe nyingine ukirudi. Iliyokwisha kuripotiwa imeibiwa haitafanya kazi tena. Ikate vipande, ukihakikisha mkasi umepita kwenye chipu.